Nyuso za Ukutani kwa Nesi

Kwenye kaburi la bibi yangu, katikati ya kibanja chetu huku Igurwa, kuna kigae chenye picha ya mwanamke ambaye si bibi yangu. Amefunga kitambaa cha buluu kichwani, anatazama pembeni kidogo kama mtu aliyesikia akiitwa na sauti anayoijua, na kola ya gauni lake imepanda mpaka kidevuni. Siku ya kubariki kaburi, padri aliinyunyizia picha hiyo maji ya baraka pamoja na saruji yote, na hakuna aliyeuliza kitu. Mama yangu peke yake ndiye aliyesogea karibu. Alipitisha kidole pale penye kola, akakirudisha haraka.

"Wamemfunika shingo," alisema.

"Ni mambo ya kompyuta, Mama."

"Afadhali. Huko chini kuna baridi."

Nimelala na maneno hayo wiki nyingi sasa. Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani kusubiri kazi, na anayesubiri kazi hupata nafasi ya kufikiria hata jinsi kuku anavyomtazama. Lakini kila nikiifuata ile kola nyuma, nijue ilianzia wapi, nafika kwenye nyumba moja na kwa mtu mmoja. Sote tulimwita Nesi. Padri alimwita Nesi, mwenyekiti wa kijiji alimwita Nesi, na hata alipostaafu, mimi nikiwa sekondari, jina halikustaafu naye.

Alikuwa nesi wa zahanati, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakuwa mpole. Watu wakifa husemwa walikuwa wapole, kwa hiyo naliandika hili mapema. Alidunga sindano bila kukuhesabia. Mtoto akipiga kelele alimwambia, "Ukilia, dawa haisikii." Mama mjamzito aliyechelewa kuja kliniki alisemwa mbele ya foleni nzima mpaka wengine wakaanza kumwonea huruma. Wakati huohuo ni yeye aliyetembea kwa miguu mpaka Rugu kumpelekea mzazi kadi ya mtoto aliyoisahau dirishani, akafika, akaitupa mezani, akasema, "Mtoto wako nimemzaa mimi au umemzaa wewe?" kisha akageuka na kurudi bila kukubali hata maji.

Nesi alimpenda mgonjwa aliyebishana naye. Alisema anayebishana atapona. Aliyemtia wasiwasi ni yule anayesema "ndiyo, Nesi" kwa kila kitu. Nilipokuwa mdogo nilijifunza kubishana naye kwa makusudi, nikidhani ni aina ya chanjo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wote tuliliona na hakuna aliyelishangaa, kwa sababu mzee akiwa na kituko kimoja watu hukizoea kama wanavyozoea kilema. Hakuweza kuvumilia moto wa nje. Kupika alipika kwa kuni kama sisi. Lakini jirani akichoma majani makavu ya migomba, Nesi alifunga dirisha, akachukua rozari, akaenda kanisani, hata kama ni Jumanne saa nne asubuhi. Taka zake alizifukia. Kule zahanati mlinzi ndiye aliyechoma vitu kwenye shimo, na Nesi alisimama upande wa pili wa jengo mpaka moshi uishe. Mama alikuwa akisema, "Nesi ana kifua." Tukakubali kwamba ana kifua.

Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, juu bati. Nyumba nyingi za hivyo zilibandikwa karatasi ndani, magazeti ya kanisa na kalenda zilizopita, ili udongo usidondoke kwenye chakula. Krismasi ikikaribia watu walibandika mapya juu ya yale ya mwaka jana. Kwa Nesi haikuwa hivyo. Ukutani kwake kulikuwa na majalada tu, kurasa za mbele za magazeti ya zamani, yale yaliyochorwa kwa mkono na kutiwa rangi kabla picha za kamera hazijachukua kila mahali. Nyuso tupu. Mzee mwenye kofia ya pamba. Msichana anayecheka amefumba jicho moja. Mwanamume mwenye tai. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu. Ukiingia kutoka juani, kwa muda mfupi kabla macho hayajazoea, ulihisi umekatiza mazungumzo ya watu.

Alikusanya kwa subira na kwa ukali uleule wa zahanati. Paroko mmoja aliyekuwa anahama alimwachia rundo zima. Walimu walimletea. Wafanyabiashara wa Bukoba walioleta karatasi chakavu za kufungia bidhaa walijua kwamba kabla ya kufika dukani wapitie kwake. Mwenye duka letu alikuwa akisimulia jinsi Nesi alivyonunua sukari enzi hizo, kabla ya mifuko.

"Nikupimie kilo, Nesi?"

"Nipe ile iliyofungwa na mzee mwenye kofia."

"Hiyo ni nusu."

"Basi nipe nusu. Sijaja kwa sukari."

Alitaka ya kuchora tu. Mwalimu mmoja alimletea jarida jipya, linang'aa, mbele kuna mrembo aliyepigwa picha. Nesi alilitazama kwa heshima, akamrudishia. "Huyu yuko hai mahali fulani," alimwambia. "Ana mama yake. Nitamwekaje ukutani kwa watu?" Na siku nyingine, nilipokuwa namsaidia kukata, aliniambia kwa namna nyingine: "Picha ya kupiga ina mwenyewe. Ya kuchora bado inamtafuta."

Kukata alikata kwa wembe, kwa kuegemeza chuma cha kupimia watoto urefu. Jina la gazeti liliondoka, bei iliondoka, maneno yote yaliondoka. Mikono nayo mara nyingi iliondoka, kwa sababu watu wa kwenye majalada hushika vitu: chupa ya soda, jembe, redio. Alibakiza kichwa na mabega. Leo najua kwamba wako watu mjini wanaotafuta majalada kama yale, na kwamba kwao jina na tarehe ndiyo mali yenyewe. Wangelia. Yeye alikusanya vipande vya majina kwenye ungo, akavifukia.

Gundi alipika mwenyewe. Uji mzito wa unga wa muhogo, ndani yake maji ya tumbaku iliyochemshwa, ili mende na mchwa wasitamani. Alipaka kwa kipande cha mgomba kilichopondwa ncha kama mswaki. Ndiyo maana nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta hata siku moja ilinuka tumbaku miaka yote, na mpaka leo nikipita penye mzee anayevuta kiko najikuta nanyoosha mgongo.

Majalada hayakupangwa kwa uzuri. Ukuta unaotazamana na mlango ulikuwa wa Igurwa. Upande wa dirisha ulikuwa wa Rugu. Ukuta wa kutenga chumba ulikuwa wa Kibingo, kule Kyerwa, alikofanya kazi miaka ya mwanzo. Kila sura ilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa amekufa katika miaka ile ambayo wazee wetu hawaitaji kwa jina, wanasema tu "ule wakati." Ule wakati nyumba zilifungwa. Vijana walizikwa na wazazi wao. Wengi hawakuacha picha hata moja, na Nesi, aliyewahudumia mwishoni, aliwatafutia anayefanana. Hivyo ndivyo tulivyoelewa. Tuliona ni wema, wema wa ajabu kidogo, lakini wema.

Siku ya pili ya Krismasi watu walikuja kuwasalimia wa kwao. Kulikuwa na mwanamume wa Kibingo aliyekuja kwa baiskeli na chane ya ndizi, akasimama mbele ya yule mwenye tai, akacheka mpaka akafuta macho.

"Nesi, ndugu yangu hakuvaa tai hata siku ya harusi."

"Sasa anavaa."

"Angeniona angesema nimemkopesha."

"Mwache apendeze. Wewe umemzidi nini?"

Hakukaa. Alibusu vidole vyake, akavigusisha ukutani, akapanda baiskeli. Kila mwaka utani uleule wa tai, na Nesi alijibu kila mwaka kama anausikia mara ya kwanza.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kubandikwa. Alikuwa katikati ya ukuta unaotazamana na mlango, yule mwenye kitambaa cha buluu. Mama alikuwa na miaka minane mama yake alipofariki, na baada ya mazishi, kila alipotumwa dukani, alipitia kwa Nesi. Aliweka kidole shingoni kwa mama yake, akakishusha taratibu mpaka mwanzo wa gauni, akaenda zake. Shingo ile ilikuwa ndefu, yenye mikunjo miwili myembamba. Mama aliigusa utotoni, akaigusa akiwa msichana, akaigusa akiwa na mimba yangu. Karatasi ikawa inachakaa pale, na Nesi akawa anarudia kupaka gundi kila Krismasi. "Mama yako ananimalizia muhogo," aliniambia.

Mahali fulani katika miaka hiyo Mama alipata hadithi. Sijui aliipata wapi, na nadhani hata yeye hajui. Alisema mchoraji alipita mnadani, akamwona Bibi akiuza maharage, akamwomba akae juu ya gunia, akamchora, na mchoro ukaenda gazetini. Nilikua na hadithi hiyo. Nilisimama darasa la tatu nikaisema mbele ya wenzangu, na mwalimu akasema nipigiwe makofi. Nesi aliisikia mara nyingi, kwa sababu Mama aliisimulia mbele yake. Hakuikubali wala kuikataa. Alisimama, akaenda kuangalia sufuria.

Nilimwona Bibi mwingine Dar es Salaam, mwaka wangu wa mwisho chuoni. Rafiki alikuwa amenialika kwenye mgahawa wa watu wenye nafasi, wenye viti visivyofanana kwa makusudi. Kwenye njia ya kwenda chooni kulikuwa na majalada ya zamani ndani ya fremu na vioo, yamepangwa kama watakatifu. La tatu lilikuwa yeye. Kitambaa cha buluu, macho ya pembeni, shingo. Lakini lilikuwa zima. Juu yake jina la gazeti kwa herufi nyekundu. Chini maneno kuhusu mapishi ya mwezi. Na mikono ilikuwepo: amekalia mbuzi ya nazi, anakuna nazi, na iliyokunwa imejaa kwenye bakuli.

Huku Karagwe hatuna minazi. Bibi yangu alikufa bila kuona nazi.

Nilisimama pale mpaka mhudumu akaja. "Dada, choo ni mlango unaofuata."

"Huyu ni nani?" nilimuuliza.

Alitazama picha, akanitazama mimi. "Ni pambo tu, dada."

Mtu mwingine angecheka. Najua ni upumbavu. Nilijua siku zote kwamba jalada ni jalada, kama unavyojua kitu bila kukiangalia. Lakini usiku mmoja nilihesabu hadithi tatu tofauti ambazo ningeweza kumwambia Mama, na zote zilimwacha bila mama. Nikarudi nyumbani na shahada na siri, na vyote viwili havikuwa na kazi.

Kisha Mama akaamua kujengea kaburi. Alikuwa ameuza kahawa vizuri na alitaka marumaru, msalaba, na picha. Nilijaribu. Nilimwambia siku hizi watu wanaweka jina tu, inapendeza zaidi.

"Jina analo kila mtu," Mama alisema. "Bibi yako ana picha. Unajua ni wangapi wa ule wakati wasio nayo? Nimwache ukutani kwa watu mpaka lini?"

Akanituma mimi, msomi, nikashughulikie. Nilikwenda kwa Nesi wakati amelala, nikaipiga picha kwa simu, nikaondoka kama mwizi. Kijana wa steshenari pale Kayanga aliikuza kwenye kioo chake, akatikisa kichwa. Mwanga wa simu ulikuwa umepiga katikati. Kuanzia kidevuni kushuka palikuwa peupe. "Hii utapata kivuli tu, dada. Lete yenyewe niiskani."

Nitasema hili sasa ili lisinisumbue mwishoni. Nesi hayupo tena. Alifariki siku chache baada ya haya ninayotaka kusimulia. Ndugu zake walikuja kutoka Muleba, wakamzika vizuri, wakafungua bati na kuondoka nalo, kwa sababu bati ni bati. Wachache waliwahi kubandua watu wao. Wengine hawakupata habari mapema. Masika yalikuja juu ya ukuta usio na paa, na udongo ukarudi kuwa udongo. Yule wa Kibingo alifika siku ya pili ya Krismasi na chane yake, akaikuta migomba na rundo la udongo. Niliambiwa aliacha ndizi palepale.

Siku nilipomwendea mara ya mwisho ilikuwa asubuhi. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa sebuleni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini aligeuza kichwa nilipoingia.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Asimwe. Unatembea kama mtu anayeomba msamaha."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikasema nimetumwa na Mama, anataka kumchukua Bibi, amweke kaburini kwake.

"Amechelewa. Nilidhani angekuja zamani."

"Nesi, nina swali."

"Wewe una swali tangu ulipokuwa na surua."

"Mwanamke huyu nilimwona Dar es Salaam. Kwenye mgahawa. Anakuna nazi."

Midomo yake ilitembea kama ya anayetafuta jina. "Nazi," alisema. "Nilikata mikono. Nilikuwa nimesahau alishika nini."

"Kwa hiyo si Bibi."

"Asimwe, umesoma mpaka chuo kikuu. Umekuja kuniuliza kama gazeti ni bibi yako?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa njia yote kuwa na hasira, na hasira haikuja. "Nimekuja kuuliza kama wanafanana."

Aliniomba maji. Nikampa. Alikunywa nusu, nyingine ikapita kidevuni, akaniacha nimfute, jambo ambalo hakuwahi kuniruhusu.

"Bibi yako alikuwa na picha," alisema. "Moja. Alipigwa Bukoba, amesimama karibu na maua ya plastiki."

"Iko wapi?"

"Mimi ndiye niliyesema vitu vichomwe."

Nje mtu alikuwa anaita mbuzi. Nakumbuka kwa sababu nilitamani kuwa yule mtu.

"Ule wakati hatukujua ugonjwa unakaa wapi," alisema. "Hakuna aliyetuambia. Nikaona nguo, nikaona godoro, nikasema choma. Babu yako alitoa kila kitu mwenyewe, hakubisha. Blanketi, kanga mbili, sanduku. Akaniomba kitu kimoja, picha. Nikamwambia hiyo nayo mgonjwa ameishika. Alikuwa nayo mkononi mpaka siku ya mwisho, nikasema hiyo ndiyo mbaya kuliko vyote. Babu yako akasema, 'Ndiyo, Nesi.' Nikaisukuma ndani kwa fimbo. Niliiona inavyojikunja."

"Mlikuwa hamjui."

"Kutojua hakujamrudishia mtu picha yake." Alivuta pumzi. "Baadaye tukaletewa karatasi, kwamba ugonjwa haukai kwenye vitu. Nikaisoma mara mbili. Nikaibandika ukutani zahanati, watu waisome. Kwa gundi hiihii."

Nilitazama ukuta. Mzee mwenye kofia, mwenye tai, msichana wa jicho moja. Igurwa, Rugu, Kibingo.

"Na hawa wote, Nesi?"

"Hao wote ni nyumba nilizoingia na kiberiti."

Hakulia. Alisema kama anavyosoma majina ya foleni. Akaendelea bila mimi kuuliza. "Mama yako alikuja na funza mguuni. Nikamtoa, hakusema ah. Halafu akaniuliza, Nesi, wewe ndiye uliyemwona Mama mwisho, alikuwaje? Nikafungua mdomo. Unamwambia nini mtoto? Alikuwa na pua? Alikuwa na macho? Wiki hiyohiyo dukani nikapewa chumvi, imefungwa na huyo. Nikaona shingo."

"Shingo?"

"Shingo ni yake. Ndefu, na ile mikunjo miwili kama imefungwa uzi. Hiyo ni ya bibi yako kabisa, hata Mungu akiniuliza. Mengine yote ni ya huyo wa nazi."

"Na uso wenyewe, unaukumbuka?"

"Niliukumbuka miaka michache. Halafu nikawa nikimkumbuka yeye, anakuja huyu na kitambaa chake. Nikawa namfukuza, anarudi. Sasa nikifumba macho ni huyu tu." Aligeuzia uso ukutani. "Wote wako hivyo. Nimewabandika mpaka ndani."

Nilikuwa na swali la mwisho, nililolibeba tangu kwenye ule mgahawa, na lilitoka dogo kuliko nilivyolipanga. "Mama nimwambie?"

"Mimi nimemchoma bibi yako mara moja. Ukitaka achomwe tena, fanya wewe. Mimi sina nguvu."

Kisha akawa Nesi tena. Akaniagiza maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Akaniambia kilipo kitambaa safi. Niloweshe, nikandamize, nihesabu mpaka mia mbili, nianze kona ya juu. "Usivute. Subiri ikuache yenyewe. Isipotaka, ongeza maji."

Nilifanya kama alivyosema. Karatasi iliyokaa ukutani miaka mingi kuliko umri wangu ililegea kama ngozi ya ndizi iliyochemshwa. Kitambaa cha buluu kilitoka. Paji la uso likatoka. Macho yakatoka, yakitazama pembeni, mbali na mimi. Kidevu kikatoka. Mabega nayo niliyaanzia chini, yakaja bila shida.

Shingo ilikataa. Pale ndipo palipopakwa gundi Krismasi baada ya Krismasi, safu juu ya safu, kwa ajili ya kidole cha Mama. Niliongeza maji. Nikahesabu mia mbili. Nikaongeza tena. Karatasi ikaanza kuwa uji. Mimi ambaye hufikiria dakika kumi kabla ya kugonga mlango, ambaye nimeandika na kufuta barua za kazi mpaka nafasi zikajazwa, pale sikufikiria. Nilivuta.

Nilibaki na uso mkono mmoja na mabega mkono mwingine. Ukutani ilibaki shingo. Ndefu, ya rangi ya kahawa, na mikunjo miwili kama imefungwa uzi.

"Imetoka?" Nesi aliuliza.

"Imetoka."

"Nzima?"

Nilitazama macho yake meupe. Nilitazama ukuta. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Nzima, Nesi."

Alinyoosha mkono ule mkubwa. Nilitandaza kitambaa kilicholowa juu ya trei, nikapanga vipande juu yake, uso juu, mabega chini, nikaiweka mapajani mwake. Alianza na kitambaa cha buluu cha kichwani. Akashuka kwenye paji la uso, akapita pua, midomo, kidevu. Kisha kidole kikateremka pale ambapo hapakuwa na karatasi, kikagusa kitambaa cha maji.

Hakukirudisha. Kilikaa pale muda mrefu, kikipanda na kushuka kidogo, kama anatafuta mikunjo.

"Haya," alisema. "Mpelekee mama yako."